Dakika Tatu za Laini ya Katana

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa kumi

Mvua tangu alfajiri. Nimeshuka mjini kutoka mtaa wa Kasha kwa miguu. Nimebandika vibandiko kwenye majalada hadi saa sita. Ndiyo kazi niliyopewa, mimi niliyesoma kimo cha ziwa pale Katana miaka kumi na sita.

Mkuu wetu, citoyen Bisimwa, ameleta modemu ofisini. Kisanduku cha rangi ya majivu, taa nne. Cha pili kiko Katana, kimeunganishwa na mashine inayopima ziwa kila saa tangu mwezi wa tatu. Cha hapa kitapiga simu, cha kule kitaitika, namba zote zitakuja zenyewe. Hivyo asema.

Ninamchukia. Naandika wazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Jumatano, tarehe 7

Jaribio la kwanza. Bisimwa ameomba Katana kwa opereta wa posta. Amesikia filimbi ya modemu ya kule, ameiachia laini modemu yake, taa zimewaka. Baadaye zimezimika. Programu haipokei namba nusunusu. Laini ikikatwa hufuta zote. Amejaribu mara nne. Amelaumu waya, kisha radi.

Mimi nilitazama saa ya ukutani. Dakika tatu, kila mara. Nikajua.

Miaka yote hiyo nilituma namba zangu kwa simu ya misheni. Ikifika dakika ya tatu, maman Nabintu wa posta huingia kwenye laini na kuuliza: "Papa, munamaliza?" Asipojibiwa, huchomoa waya. Kila mtu wa Katana hujibu "bado" bila kufikiri. Modemu haijui kusema "bado". Wala Bisimwa hajui kwamba inaulizwa. Miaka minane ya kusoma Ulaya.

 Nilirudi kwa vibandiko vyangu. Chakula cha mchana kilikuwa kitamu.

Jumamosi, tarehe 10

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Tumezibua mtaro mbele ya ofisi. Bisimwa alisimama kando na koti lake safi la abakosti.

Jambo hili niliandike mara moja, nisilirudie. Mwezi wa tano nilimzika mke wangu kijijini Mudaka. Bisimwa alikuja, akavua koti, akashika sepetu pamoja na vijana. Nilimshukuru. Mwezi wa sita akanizika mimi kwa karatasi. Ripoti yake nimeiona kwa macho yangu: "Daftari la Katana halina hata siku moja tupu. Daftari lisilo na nafasi tupu huandikwa nyumbani." Yaani bidii yangu ndiyo ushahidi wa uongo wangu! Mapadre walinifundisha kwamba mstari mtupu ni aibu. Sikuacha hata mmoja.

Na aibike. Wageni wa mradi huu wa mashine watakuja tarehe 27 kuona modemu ikifanya kazi. Nitakaa kwenye kiti changu nitazame.

Jumatatu, tarehe 19

Amepunguza kasi ya modemu hadi robo, akidhani laini ni chafu. Sasa kazi ya dakika nane itahitaji nusu saa. Mpumbavu mwenye diploma. Amenipita mlangoni, macho mekundu. "Papa, we ulizoea hii laini. Iko na nini?" Nimemjibu kwamba mimi ni mtu wa vibandiko, citoyen.

Nimeimba njiani kurudi nyumbani. Wimbo wa kanisani, Mungu anisamehe.

Alhamisi, tarehe 22

Leo sikuimba.

Bisimwa amemwambia karani, nami nikasikia: kumbukumbu ya mashine ya Katana ni ya miezi minane tu. Ikijaa mwisho wa mwezi huu, itaanza kuandika juu ya siku za zamani. Mwezi wa tatu utafutika kwanza.

Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Miezi hiyo minne mashine na mimi tulipima maji yaleyale, mahali pamoja. Mashine ndiyo shahidi wangu pekee. Nimekuwa nikimziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili, tarehe 25

Misa. Sikusikia mahubiri. Namtaka Bisimwa chini. Jina langu nalitaka juu zaidi. Haviwezekani vyote.

Au vinawezekana. Acha namba zije mbele ya wageni. Acha azilinganishe yeye mwenyewe, kwa mkono wake, siku baada ya siku.

Jumatatu, tarehe 26

Nimekwenda posta. Maman Nabintu alicheka hadi akashika meza. "Kumbe! Miye nikiingia ku ligne nasikia panya zinalia. Nikasema ligne imekufa, nakata!" Nimemwomba kesho saa nne asiingie kwa nusu saa. "Nitafanya ju yako, Papa. Ile citoyen hata bonjour haniambiaka."

Jumanne, tarehe 27

Taa ziliwaka. Dakika tatu zikapita. Bisimwa akanitazama, nilitazama dirisha. Nusu saa, kisha karatasi ya namba ikaanza kutoka. Wageni walipiga makofi.

Nilisimama. Nilimwomba mhandisi mgeni daftari langu la Katana lilinganishwe na karatasi, na citoyen Bisimwa ndiye alinganishe. Alikubali. Bisimwa akachukua penseli nyekundu. Tiki, tiki, tiki. Mwezi wa tatu wote. Mwezi wa nne wote. Shingo yake ililowa jasho. Sijawahi kufurahi hivyo.

Mwezi wa tano penseli ilisimama.

Nilisogea. Mashine: ziwa limepanda sentimita mbili. Mimi: sawa na jana yake. Nikatazama tarehe. Siku ya mazishi. Sikuwa Katana. Niliporudi nilijaza mstari ili usibaki mtupu, kisha nikajisahaulisha.

Mtu aliyeshika sepetu siku ile alijua nilikuwa wapi. Alipoandika ripoti mwezi wa sita, alijua.

Aliinua macho. Nilingoja. Akatia tiki, akaendelea hadi mwisho.

"Zote ziko sawa," akawaambia wageni. "Nilimukosea muzee."

Ijumaa, tarehe 30

Barua imetoka: narudi Katana. Bisimwa amenipa mkono. Nimeupokea. Ningependelea anitukane. Tiki ile moja sitamsamehe upesi.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja

Siku ya marehemu wote. Nimekwenda Mudaka, nimeng'oa majani kaburini. Nililibeba daftari la Katana. Nimeukata mstari wa siku ile kwa rula, nikaandika pembeni: Sikusoma kimo. Nilikuwa hapa.

Mvua zote hizi, na udongo haujatitia. Sepetu za siku ile ziliushindilia vizuri.