Nani Anakula Betri ya Trela?

Jumapili, saa kumi jioni, Sirisia. Mvua imekatika, lakini jua la maana sijaliona tangu jana.

Nianze na aibu yangu. Nisipoanza nayo nitairuka.

Leo asubuhi nimemshuku wifi yangu kwamba ananiibia umeme. Kwake nyumbani. Na kikombe cha chai yake nimekishika mkononi.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kusoma hapa: naitwa Wanjiru, mkaaji wa Kitale, na nina kisukari cha kudungwa insulini. Tangu kinipate, miaka miwili sasa, sikuwa nimelala nje ya nyumba yangu hata mara moja. Akiba ya insulini inataka friji, friji inataka stima, na stima ya huku sote tunaijua. Ndiyo nikatengenezewa hii trela: kitanda kimoja, friji ndogo, betri moja chini ya kitanda na sola moja juu ya paa. Ijumaa niliifunga nyuma ya pikapu nikaja peke yangu mpaka hapa kwa Nasimiyu, dada ya mume wangu. Mpango ulikuwa nikae hadi Jumatano.

Betri ina mita yake, kioo kidogo ukutani. Inaniambia betri imebaki asilimia ngapi, na pia umeme kiasi gani unaingia au unatoka wakati huo. Fundi alinionya nisiiache ishuke chini ya hamsini, itakufa mapema. Nikaandika 50 kwa kalamu nyekundu, nikabandika kando ya mita.

Ijumaa jioni ilisoma tisini na tano. Jana asubuhi, sabini na saba. Leo asubuhi, hamsini na tisa.

Friji peke yake haiwezi kula hivyo, hata kukiwa na mawingu. Na waya wa kuchaji kutoka kwa gari bado fundi hajaniwekea. Nilimpigia mume wangu, Wekesa, nikamsomea hizo namba. Akasema, "Rudi tu nyumbani, mama. Si lazima uonyeshe mtu kitu."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulinichoma.

Nilikuwa bado na hasira hiyo Nasimiyu alipoleta chai. Nikakumbuka kwamba kwake stima imepotea tangu Alhamisi, na kwamba Ijumaa nilimchajia simu humu ndani. Mdomo ukatangulia.

"Wifi, ni nini mmechomeka kwa trela yangu?"

Alinitazama kama hajanisikia vizuri. Akatoa simu mfukoni, akaibonyeza mbele yangu. Kioo cheusi.

"Imezima tangu jana. Ningekuwa nakuibia, si ingekuwa inawaka? Ati mimi nichukue umeme wa dawa ya mtu?"

Akabeba chupa yake ya chai, akaenda.

Nilianza kukunja blanketi. Kweli. Nilikuwa nishafika kwa mto nikajiuliza: nikirudi Kitale sasa bila kujua ni nini kinakula betri, nitatoka tena lini?

Nikarudisha mto mahali pake.

Kwanza nilipanda nikafunika sola kwa turubai la kuanikia mahindi, ili mita isome kinachotoka tu. Kisha nikazima kitu kimoja kimoja, kila mara nikiangalia kioo. Taa. Pampu ya maji. Feni. Mwisho friji, nikiomba isikae sana bila kuwaka. Kila kitu kikazimika. Mita ilipaswa kusoma sifuri.

Ikasoma ampea moja nukta moja.

Nilipiga magoti nikaufuata waya kwa mkono kutoka kwa betri, nikipapasa kama mtu anayetafuta sindano. Nyuma ya begi la nguo nikafika kwa inveta, kile kikasha kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka. Hakuna kilichochomekwa. Lakini inveta ikiachwa imewashwa inakula tu, mchana kutwa, usiku kucha.

Niliiwasha Ijumaa ili nichaji kompyuta. Nilitaka kuwaandikia hapa jinsi nilivyojipanga.

Mwizi ni mimi.

Nikaizima. Sifuri. Nikawasha friji, nikafunua sola, kisha nikakaa kwa mlango wa trela nikitafuta njia nyingine ya kufika jikoni kwa Nasimiyu. Haikuwepo. Ilikuwa ni kuvuka ua tu.

Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikamwambia yote, hata ile ya kompyuta. Nikaomba msamaha.

"Hiyo ya leo imeisha," akasema bila kuinua macho. Baadaye akaongeza, akiniita wifi kwa lugha ya kwao, "Lakini kuna ile nyingine, mulamwa."

Nilijua ni ipi. Mwaka jana alimzika mume wake, Baba Simiyu, nami sikuja.

"Watu waliniuliza uko wapi. Nikawaambia ni mgonjwa. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza kama ni mgonjwa kweli ama hatupendi."

Ningeweza kumtajia friji. Hiyo ndiyo niliyomtajia kila mtu. Lakini ukweli ni kwamba ile insulini ninayoitumia inakaa kwa mkoba bila shida, na kutoka Kitale ningekuja mazishini na kurudi siku hiyo hiyo. Niliogopa. Nilikuwa nimewahi kuanguka kanisani sukari iliposhuka, mbele ya watu wote, nikaamka nikiwa nimefunikwa na leso ya mtu nisiyemjua. Sikutaka kuanguka tena, sembuse kando ya jeneza.

Hilo sikuwa nimewahi kumwambia mtu, hata Wekesa. Nimemwambia Nasimiyu leo, na sasa naliandika.

Hakunikumbatia. Alinisukumia ungo.

"Chambua basi. Mawe ni mengi."

Tulichambua mpaka yakaisha. Alipomaliza alitaka kuiona hiyo mita iliyomtukanisha, tukaja naye. Ilikuwa imeshuka hadi hamsini na saba kabla sijazima inveta. Mwanga kidogo ulikuwa umepita kwenye mawingu, na sasa ilisoma hamsini na nane.

"Imepanda?" akauliza.

"Imepanda."

Nikachomeka simu yake mimi mwenyewe, kwenye tundu dogo lisilohitaji inveta. Nimempigia Wekesa pia. Nimemwambia sirudi kesho, Jumatano iko palepale, na mita nitakuwa naisoma asubuhi, mchana na jioni. Jua likigoma kabisa nitapeleka dawa kwa friji ya zahanati na bado nitakaa. Amecheka kidogo, akasema sawa.

Kaburi la Baba Simiyu liko nyuma ya migomba, hatua chache tu kutoka hapa nilipoegesha. Tangu Ijumaa nimekuwa nikizunguka upande wa pili kila nikienda kuteka maji.

Kesho naenda, kabla ya chai. Nasimiyu amesema tutaenda pamoja.