Alama Tisa Ulizomnyima Kitindamimba Wako

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka saa nne asubuhi, ukiwa umeketi barazani, gazeti mapajani na chemshabongo hujaimaliza. Mama alidhani umesinzia. Alikufunika shuka miguuni, akaenda kuweka maji ya chai jikoni, na aliporudi na kikombe chako ndipo alipojua.

Tulikuzika kama anavyozikwa mwalimu, yaani katikati ya umati wa watu tusiowajua, kila mmoja akituambia kwamba wewe ulikuwa baba yake pia. Tulichoka kupeana mikono siku ile.

Matangazo ya kumbukumbu gazetini husema mema tu, na yako tunayo ya kujaza ukurasa mzima. Tulichokosa ni mwafaka. Kitindamimba wako, yule uliyemwita Mwalimu Msaidizi tangu hajamaliza kung'oa meno ya utoto, aligoma kutajwa humu. Aliwaambia mama na kaka yake, "Mkiandika kwamba alikuwa mtu wa haki, mimi msinitie." Tumebembeleza, tumenuna, tumebembeleza tena. Mwisho tukaona heri tueleze yote yalivyokuwa, na wewe usikie, na wasomaji wasikie.

Tuanze na mema, kwa sababu nayo ni ya kweli.

Ulifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja katika chumba chenye madirisha yasiyofungika vizuri. Ulipokosea ubaoni hukufuta kimyakimya kama wafanyavyo wengine. Uliandika alama ya kosa kwenye pembe ya ubao, ukageuka na kusema, "Mwalimu amekosea," na kila Ijumaa uliyajumlisha makosa yako mbele ya watoto arobaini waliokuwa wakicheka mpaka machozi. Walicheka, lakini waliondoka na funzo hilo. Fundi cherehani aliyemshonea mama nguo ya msiba alifumua mkono mzima mbele yetu, akasema ameukata mfupi na tumsubiri. Hakuna aliyekuwa ameona. Tulipomuuliza kwa nini asingeacha tu, alijibu kwamba alisoma kwako, kana kwamba hayo ni maelezo ya kutosha.

Halafu kuna ile kona. Kila ulipokusanya karatasi za mtihani ulikunja kona yenye jina, ukaibana kwa pini, usijue unasahihisha ya nani. Ulifanya hivyo kwenye meza ya katikati ya ofisi ya walimu, kila mtu akiona. "Kalamu nyekundu haina ndugu," ndivyo ulivyosema. Walimu wenzako walikutania kwanza, wakakuiga baadaye. Mpaka leo, ukiona mwalimu wa mji huu anakunja kona za karatasi, ujue ama alikuwa mwanafunzi wako ama alifundishwa na mwanafunzi wako.

Ila hakuna aliyekuiga kuliko kitindamimba. Alitembea kama wewe, mikono nyuma, akiwa na umri wa miaka sita, majirani wakivunjika mbavu. Alishika chaki kwa vidole vitatu kama wewe. Alipoingia darasani kwako hukumpendelea hata chembe; alikuwa wa kwanza kuadhibiwa na wa mwisho kusifiwa, naye hakulalamika. Alidhani ndivyo mtoto wa mwalimu anavyopendwa.

Na hesabu alizipenda. Unakumbuka zile kalenda za zamani? Nyuma ya kila karatasi alichora ramani ya nyumba yetu, vyumba kwa vipimo, na mlango wa stoo ukifungukia upande unaofaa, si upande wa kugonga kabati kama ulivyo hadi leo. Alitaka kubuni majengo. Shule ya ufundi ilikuwa ikichukua wanafunzi wawili tu kutoka shuleni kwenu kila mwaka, kwa alama za hesabu za mtihani wa mwisho. Mwaka aliofanya yeye, mwanafunzi wa kwanza alipata tisini na moja, wa pili themanini na mbili, yeye sabini na tisa.

Ulimwambia mlangoni pa jikoni, mkoba ukiwa bado begani. "Hesabu si fungu lako, mwanangu. Shika lugha."

Aliomba kuiona karatasi yake. Ukasema zimeshapelekwa kwa mkuu wa shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wewe hukuwahi kutudanganya hata kuhusu dawa chungu, kwa hiyo aliamini. Akashika lugha. Akawa mwalimu wa lugha, mzuri kweli, lakini mbele ya namba alikuwa mtu mwingine. Hata kupima kitambaa cha pazia aliita mtu. "Mimi na hesabu ni mbingu na ardhi," alizoea kusema, akicheka, nawe ukiwepo. Ulikuwa ukiinamia chai yako.

Miezi mitatu iliyopita shule iliomba vitu vyako vichache viwekwe kwenye rafu ya ofisi ya walimu. Kitindamimba ndiye aliyelifungua lile kabati lako la chuma pale nyumbani, kwa kuwa ndiye pekee anayejua kwamba lazima ulipige teke kidogo chini. Nyuma ya madaftari ya mahudhurio akakuta bahasha ya kaki iliyogundishwa. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya majibu, kona imekunjwa, pini imeshika kutu.

Hakuhitaji kuikunjua. Ulikuwa mwandiko wake.

Na hapo, kabla hajasoma chochote, alielewa jambo ambalo wengi wetu lilitupita miaka yote hiyo. Wewe pia hukuhitaji kuikunjua, Baba. Ulimfundisha kuandika mezani jikoni, mkono wako juu ya mkono wake. Ungeutambua mwandiko ule katika karatasi elfu. Kona yako ilimlinda kila mtoto wa darasa lile isipokuwa wako.

Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa penseli, palikuwa na themanini na nane. Kando yake, kwa wino mwekundu, sabini na tisa. Alirudi nyuma kuzitafuta hizo tisa akazipata kwenye maswali matatu, tatu tatu. Majibu yalikuwa sahihi. Kando ya kila moja uliandika, "Njia haikuonyeshwa." Njia ilikuwa pale, Baba, mstari kwa mstari, kwa mwandiko uliomfundisha mwenyewe.

Alikaa sakafuni na karatasi ile mpaka jua likahamia dirisha la pili. Kisha akamfuata mama, aliyekuwa akipiga pasi sebuleni. Mama aliitazama karatasi na hakuuliza ni kitu gani. Kwa kutouliza kwake, mwanao alijua kwamba mama alijua.

Mama hakubisha. Alisimulia kwamba wiki ile, kwenye mkutano wa wazazi, mtu mmoja alisimama akasema watoto wa walimu hupitia mlango wa nyuma. Hakukutaja, lakini watu walikugeukia. Ulirudi nyumbani ukashindwa kula. Ukasema utawaonyesha. Mama alikuuliza unamwonyesha nani kwa mtoto wa nani, nawe ukamwahidi kwamba utamweleza binti yako baadaye, akishakua.

"Baadaye lini?" kitindamimba aliuliza.

Mama aliipitisha pasi juu ya kola iliyokwisha kunyooka.

"Na wewe, mama, ukanyamaza miaka ishirini na minne."

"Nilinyamaza," mama alisema. Aliichomoa pasi, na nguo zilizobaki hazikupigwa siku ile.

Mwanao mkubwa alipopata habari aliacha nyaya za watu zikining'inia akaja mbio. Fundi umeme huyu, unavyomjua, akiona cheche hukimbilia kuzima kwanza. Alisema marehemu hasemwi vibaya, kwamba ulibanwa, kwamba karatasi ichomwe na yaishe. Dada yake alimjibu kwamba yeye ulimpeleka shule nyingine, hakuwahi kukaa darasani kwako, kwa hiyo hajui anazima nini. Walinuniana wiki mbili.

Ilimuuma, tuseme ukweli. Na si shule ya ufundi iliyomuuma zaidi. Watu wengi hukosa shule wakaishi. Kilichomkata maini ni kwamba alijiona mjinga miaka yote ile, nawe ulimtazama akijiona mjinga, ukamwachia. Siku ya harusi yake ulisimama ukausifu ufasaha wake mbele ya wageni mia mbili. Makosa yako madogo uliyakiri kila Ijumaa kwa watoto wa watu. Hili kubwa hukulikiri kwa yeyote, na uliyemkosea alikuwa akikuletea gazeti lako kila asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na picha yako akaitoa ukutani kwake akaiweka kabatini, chini ya mashuka.

Hapo ndipo alipotuambia tusimtie kwenye tangazo.

Tungeishia hapo, na labda leo gazeti lingetoka bila sisi, kama si mjukuu wako, yule uliyempachika jina la Bibi Maswali. Mwaka huu yuko darasani kwa mama yake, kitindamimba wako. Ijumaa moja mchana kitindamimba alikuwa akirudisha insha, na Bibi Maswali akapokea yake: kumi na nne juu ya ishirini, na maneno, "Mtiririko hafifu."

Mtoto aliisoma yote, akaigeuza, akaisoma tena. "Hafifu wapi, mama? Nionyeshe nirekebishe."

Mama yake aliichukua amwonyeshe. Alianza juu akashuka hadi chini. Akarudi juu. Hapakuwa na mahali. Akaliomba faili lote la mwaka, insha tano, na kila moja ilikuwa imekatwa alama tatu au nne kwa maneno ambayo hakuweza kuyaonyesha kwenye karatasi. Na kona zote zilikuwa zimekunjwa vizuri kabisa, na pini zake.

Alituapia, nasi tunamwamini, kwamba hakuwahi kukusudia. Hakuna mzazi aliyesimama kwenye mkutano. Hakuna aliyemgeukia. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda wako, kwa sababu ndivyo alivyoona mwalimu akimfanyia mtoto wake ili watu wasiseme. Hukumfundisha hilo hata siku moja, Baba. Uliishi naye tu.

Jumatatu alikwenda kwa mwalimu mkuu, naye ni mwanafunzi wako wa zamani, akaomba insha za binti yake zisahihishwe na mtu mwingine. Mwalimu mkuu alicheka. Alisema mtoto wa marehemu mwalimu hahitaji kusimamiwa, kila mtu anajua alivyolelewa. Kitindamimba alimwambia kwamba ndiyo maana anaomba. Kisha akaingia darasani, akasimama mbele ya watoto thelathini na wanane na binti yake akiwamo, akasema, "Mwalimu amekosea," akalitaja kosa lenyewe, akazisoma alama zinazostahili, moja moja, akamwomba radhi mwanafunzi wake. Bibi Maswali alijificha nyuma ya daftari kwa aibu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani mtoto aliuliza maswali barabara mbili nzima, kama unavyomjua. Halafu akauliza kama babu naye aliomba radhi.

"Hakuwahi."

"Sasa wewe umejulia wapi?"

Kitindamimba anasema alisimama pale pale, mbele ya duka la vioo, watu wakimpita. Jibu alilijua. Hakutaka tu kulitoa, maana alikuwa bado amekukasirikia, na jibu lilikuwa wewe. Kupindisha amekutoa kwako, na kunyoosha amekutoa kwako, na hajui afanye nini na baba wa namna hiyo.

Jana asubuhi alimpigia simu kaka yake. Alisema atiwe kwenye tangazo, kwa masharti. Yaandikwe yote. Mama asilaumiwe peke yake. Pasiandikwe popote kwamba amesamehe, kwa sababu hajasamehe, na hataki uongo mwingine ndani ya familia hii kwa ajili ya kupendeza watu. Kaka yake, ambaye siku hizi anajifunza kuacha cheche ziwake kidogo, aliandika kila neno.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado hulala upande wake tu wa kitanda. Mwanao mkubwa, ambaye amesema atabaki kukupenda hata sote tukimkasirikia. Wakwe zako wawili. Wajukuu zako watano, pamoja na Bibi Maswali, ambaye ana maswali zaidi. Wanafunzi wako tusioweza kuwahesabu. Na kitindamimba wako, aliyeingia orodha hii mwishoni kabisa, kwa hiari yake.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Yeye ametuomba tuongeze jambo moja kwa niaba yake. Anasema miaka yote ile alikuwa hapo hapo, kwanza chumba cha pili, kisha kila asubuhi na gazeti lako mkononi, na angekusikiliza. Ungemwambia tu.