Kifungo Chekundu cha Koti

4 Februari

Mume gani wewe, mjukuu wangu? Tangu uende huko chuoni umeniandikia barua moja, nayo robo tatu yake ni habari za mvua. Mvua hata huku ipo. Simu usiniambie, kila nikipiga napokewa na mwanamke mwenye sauti ya upole anayesema hupatikani. Nimemuuliza unapatikana lini, hajibu.

Salamu nimeziweka chini kabisa. Nakujua, ukishapewa salamu unaona barua imekwisha.

Ulipokuja likizo nilikuuliza unasomea nini mpaka uzamivu, ukasema unasomea kuyapunguza matatizo magumu kabla mashine haijayagusa. Nikacheka, nikakuambia kupunguza matatizo hata soda baridi inapunguza. Haya, nimeacha kucheka. Nina tatizo. Lipunguze.

Kwaya yetu ya wastaafu wa kiwanda cha nyuzi ina watu ishirini na wanne. Tunafanyia mazoezi kwenye kantini ya zamani ya kiwanda, ile yenye meza ndefu za bati na dirisha la kupokelea sahani. Sasa kuna mtu anataka kuweka mifuko yake ya saruji mle ndani. Saruji! Mahali ambapo nimeimba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Karani wa manispaa amesema mwaka huu kwaya ikifika fainali ya mashindano, tunapewa funguo za kantini moja kwa moja. Isipofika, tunatoa viti vyetu nje.

Ukumbuke ya mwaka jana. Wale dada watatu wanaogombea cherehani ya marehemu mama yao, wawili kati yao walivutana vitambaa vya kichwa jukwaani, katikati ya ubeti, mbele ya waamuzi. Tumeonywa: tukizozana tena jukwaani, tunafutwa. Na kwaya isiwe na watu chini ya ishirini. Kwa hiyo ninaweza kuwaacha nyumbani wanne tu, asizidi hata mmoja. Nani waachwe, ili watakaopanda wasiwe na wawili wasiosemezana?

Magomvi ni haya. Wale dada watatu, kila mmoja na wenzake. Baba Ngoma, yule mpiga ngoma wetu, amegombana na Mkunga, Fundi Saa, Mwenye Duka na Mpiga Pasi, anasema wanavuta mdundo kama wanavuta gunia. Na mimi nimegombana na hao wanne pamoja na wale dada watatu. Wote saba, makosa ni yao. Fundi Saa anachelewa mazoezini, na kazi yake ni kutengeneza saa. Mkunga ameniita king'ora. Wengine kumi na watano waliobaki ni watu wa amani, au wana woga, sijui.

Nimeyapanga kichwani mpaka chai ikapoa. Nikimtoa huyu, yule anabaki na mwingine.

Hujambo? Unakula? Mimi sijambo, goti linaniuma upande wa dirishani.

Ni mimi bibi yako.

15 Februari

Shikamoo bibi,

Sijambo, nakula, na nakuomba radhi kwa ile mvua. Pole na goti. Mwambie upande wa dirishani nimeusalimu.

Bibi, barua yako nimeisoma mara mbili halafu nikampelekea profesa wangu, naye akaisoma amesimama. Tatizo lako ndilo ninalolisomea, lenyewe hasa. Unajua kuna njia zaidi ya elfu kumi za kuchagua watu wanne kati ya ishirini na wanne? Mngekuwa mia tatu na wa kuacha thelathini, hata mashine yetu ya hapa, yenye chumba chake na feni zake, ingezeeka kabla ya kuzimaliza. Mimi mwenyewe kabla sijajifunza kukata niliipa tatizo zima. Ikahema wiki nzima, ikazimika.

Kwa hiyo kwanza tunakata. Tunatafuta kanuni zisizobahatisha, za kumtoa au kumbakiza mtu kwa uhakika, kiasi kwamba kama jibu lilikuwemo kwenye tatizo kubwa, limo kwenye dogo pia. Kinachobaki tunakiita kiini. Hicho ndicho unachokisumbukia, kingine usipotezee chai.

Chukua kifungo cha nguo kimoja kwa kila mwanakwaya, pamoja na wewe. Wawili wakiwa wamegombana, funga uzi kati ya vifungo vyao. Ukimtoa mtu, kifungo chake kinaondoka na nyuzi zake zote. Unataka meza isiyo na uzi hata mmoja, na vifungo mkononi visizidi vinne.

Kanuni ya pili: kifungo kisicho na uzi, kiweke pembeni. Huyo anaimba, usimfikirie tena.

Kanuni ya tatu: kifungo chenye uzi mmoja tu, mbakize huyo na umtoe aliye upande wa pili wa uzi. Hutapoteza kitu.

Kila ukitoa mtu, anza tena mwanzo, maana meza imebadilika.

Jaribu hivyo kwanza, uniambie. Utetezi wangu wa tasnifu ni mwezi ujao, niombee.

Mjukuu wako.

26 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo na woga wako wa utetezi? Nami sijambo. Mama yako anakusalimu, anasema ukonde kidogo, amekuona kwenye picha.

Kanuni ya kwanza iko wapi?

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini kuhesabu kuanzia moja walikuwa wameshanifundisha. Umeniandikia ya pili na ya tatu. Ulipokuja kuniibia sukari ulikuwa hivyohivyo, unaacha mfuniko wazi.

Nimefanya ulivyosema. Nimemwaga kopo langu la vifungo kwenye meza ya kantini, kila mtu na chake. Cha Mkunga kile cha bluu kilichopasuka, Baba Ngoma cha mbao, wale dada vitatu vya lulu vinavyofanana. Mimi nimejipa kile chekundu cha koti, kikubwa, maana ni changu. Nyuzi za kiwanda hazijanipungukia, unajua. Kanuni yako ya pili nimeipenda: watu kumi na watano nimewasukuma pembeni kwa mkono mmoja, meza ikapumua. Wakabaki tisa.

Ya tatu haikufanya kitu. Hakuna mwenye uzi mmoja. Kila mtu ana mbili au zaidi, wamefungamana kama sufu iliyochezewa na paka. Nimejaribu kuwatoa wote, mmoja mmoja, wawili wawili, haikai. Mlinzi wa kiwanda amepita akaniuliza, "Bibi, unacheza bao?" Nikamwambia nacheza na maisha yako, funga mlango.

Karani amekuja na mtu wa saruji, wamepima kantini kwa futi, mbele yangu, nikiwa nimekaa. Yule mtu ameweka alama ya chaki chini ya kiti changu.

Umenipa dawa nusu na chupa umeificha mgongoni. Lete kanuni ya kwanza, au acha kujiita msomi.

Bibi yako, aliyekaa juu ya chaki.

8 Machi

Shikamoo bibi,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia pale ulipotaka.

Kanuni ya kwanza: kama unaruhusiwa kuacha watu wanne, na kuna mtu mwenye nyuzi zaidi ya nne, huyo lazima atoke. Hakuna njia nyingine. Akibaki yeye, itabidi uwatoe wote waliogombana naye, nao peke yao wamekwisha kuzidi wanne.

Nakuonea haya kuandika hivi. Umesema umejaribu kuwatoa wote. Bibi, kuna kifungo kimoja hujakigusa.

Niliiona siku niliyopata barua yako ya kwanza. Nilikuwa nimeiandika, nikaifuta. Nilisema labda kanuni nyingine zitatosha, nisiwe mimi wa kukuambia. Namba nikasahau kuzibadilisha.

Ukikitoa chekundu, wa kuacha wanabaki watatu. Hapo rudi mwanzo, kwa sababu kanuni ya kwanza sasa inauliza nani ana nyuzi zaidi ya tatu. Utaona mwenyewe.

Usinikasirikie sana. Nikasirikie kidogo.

Mjukuu wako.

29 Machi

Shikamoo bibi,

Hujajibu. Nimempigia mama, anasema upo, unakula, na mlango wa chumba chako umeufunga na ndani panasikika vifungo.

Nimefaulu utetezi wangu. Walikuwa watano, wamekaa mstari mmoja, wa katikati ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Yeye ndiye aliyeniuliza, "Na kama kanuni yako inamtoa yule ambaye kazi haiwezi kwenda bila yeye?" Nikawachorea ubaoni kifungo kikubwa na nyuzi saba. Nikawaambia huyu ndiye aliyeianzisha kwaya, na kanuni inamtoa, na nikaonyesha kwa nini hakuna jibu linalopotea. Nilipofika kwenye zile nyuzi saba ikabidi ninywe maji. Wakafikiri ni woga wa mtihani.

Sasa mimi ni daktari, lakini daktari gani asiyejibiwa na bibi yake. Mashindano ni wiki mbili zijazo. Hata kama ni tusi, niandikie.

Mjukuu wako.

22 Aprili

Daktari!

Daktari wangu, mume wangu, kichwa kikubwa wewe! Nimewatangazia mpaka mtu wa saruji. Mama yako kalia, jirani kalia, mimi nimekula ndizi mbili. Mungu akuweke. Mimi mzima, goti zima, kila kitu kizima. Sasa kaa kitako, usisome umesimama kama profesa wako.

Barua yako ya tarehe nane niliichana. Halafu nikaiokota nikaiunganisha, maana nilitaka kukukamata umekosea. Nikajifungia na kopo langu. Nikakibakiza chekundu mezani, nikasema tuone, mtoto wa juzi anitoe mimi? Basi, kikibaki, wote wenye nyuzi nacho waondoke. Nikawatoa wale saba. Nikahesabu waliobaki: kumi na saba. Nikahesabu tena, kumi na saba. Nikavua miwani nikahesabu kwa vidole, kumi na saba. Siku ya tatu nikakishika chekundu kwa nyuzi zake nikakinyanyua. Mwanangu, meza nzima ililegea. Nilisikia kwa mikono.

Nikarudi mwanzo kama ulivyosema. Wa kuacha watatu, na Baba Ngoma ana nyuzi nne. Aha! Naye nje. Mkunga na wenzake watatu papo hapo wakawa hawana uzi hata mmoja, wapole kama maji ya mtungi. Zikabaki zile lulu tatu zinafungana zenyewe kwa zenyewe. Nikasema, kumbe kiini chenyewe ni hiki tu? Wiki zote hizi nimelala na watu ishirini na wanne kichwani, na shida ni cherehani moja!

Nikawaita wote kantini. Nikasimama, nikawaambia mimi sipandi jukwaani. Fundi Saa, ambaye siku hiyo alikuja mapema kwa mara ya kwanza, akauliza, "Nani kakutoa?" Nikamwambia, "Nimejitoa, na ukiniuliza sababu nitakuwa na uzi wa pili na wewe." Mkunga, aliyeniita king'ora, akalia kama amefiwa. Nikamwambia nyamaza, utaharibu koo, unalihitaji. Nilipomwambia naye hapandi, Baba Ngoma alikuwa ameshafungua mdomo kubisha, akanitazama nilikorudi kukaa. Mtu atabisha nini, na mimi nimekaa kwenye kiti cha wageni? Fimbo zake akampa Mwenye Duka mbele yetu wote, akamwambia mdundo ni huu.

Wale dada hukunipa kanuni. Kwa hiyo nilitumia masikio. Nikawasimamisha nyuma ya lile dirisha la sahani, mmoja mmoja, nisiwaone nyuso, wakaimba. Wa kati akapita. Wawili nikawapa kubeba sare, kila mmoja na sanduku lake, mlango wake tofauti. Wakanuna. Waache.

Siku yenyewe nilikaa safu ya tatu na mkoba wangu magotini. Nilijiandaa kuona aibu. Wakafungua kinywa.

Mjukuu wangu, sijawahi kuisikia kwaya yetu. Miaka yote hii nilikuwa ndani yake, nikijisikia mimi na aliyesimama ubavuni mwangu. Kumbe sauti za chini za wale wanaume zinaingia mpaka kwenye kiti! Kumbe yule mwoga wa mwisho mstarini, aliyekuwa akisimama nyuma yangu, ana sauti kama kioo, na mimi nilikuwa nimeifunika kama sufuria! Ubeti wa pili bado wanakimbia, nimewaandikia. Lakini ukumbi mzima ulisimama, na mimi goti hili hili nikasimama nalo, nikapiga makofi mpaka pete ikageuka upande wa kiganjani. Mwamuzi mmoja alinong'ona jambo nikamwambia shh.

Tumeingia fainali. Tumeongoza! Karani alipanda jukwaani na funguo, akatafuta wa kumpa, na wote ishirini wakanyoosha mkono safu ya tatu. Wale wanne niliogombana nao ndio walionyoosha juu zaidi. Usifikiri tumepatana. Ugomvi uko palepale, bado makosa ni yao. Lakini funguo ninazo mimi, ziko shingoni, nimezifunga kwa uzi wa kiwanda. Alama ya chaki nimeifuta kwa mkono wangu.

Na kifungo chekundu nimekishona kwenye koti lako ulilosahau likizo, mahali pa kile kilichokatika. Daktari hatembei koti wazi.

Sasa sikiliza. Kamati ya soko wamesikia habari za vifungo. Jumamosi ijayo wanakuja kantini na magomvi yao, zaidi ya watu sitini, na mwenyekiti wao amegombana na nusu ya soko, na ni mkubwa kuliko mimi, ana sauti, ana fimbo. Hutaniandikia. Utakuja mwenyewe. Utavaa lile koti, utasimama mbele yake, utamtazama machoni, na utaanza na kanuni ya kwanza.

Bibi yako.