Si Udi Wangu Ulioharibu Joistiki

Baba Zein,

~~Leo ujipikie.~~ Wali na samaki wa kupaka viko jikoni, vipashe moto. Nimekwenda Tononoka kwa dadangu.

Wiki nzima wanikataza kufukiza, eti moshi wa udi umeharibu joistiki, ule mkono wa kuongozea mchezo wako wa kompyuta, ndege ya mchezo yenda kushoto tu. Asubuhi nimewasha kompyuta mwenyewe: ndege ikaruka sawa! Nikazima, nikatundika koti lako juu ya joistiki kama ufanyavyo ukirudi kutoka kazini Shimanzi, ikalala kulia. Nikawasha, nikaliondoa: kushoto! Hiyo programu yako ya Linux ikiwaka, joistiki ilivyolala ndivyo inavyodhani ni katikati.

Msumari wa koti nimekupigilia nyuma ya mlango.

Na udi nimefukiza nyumba nzima. Chumba cha kompyuta mara mbili.

Mama Zein