Mama, Hukumbemenda Anjela

Mama,

Nimekuja Songea, lakini sikufikia kwa Baba. Niko hapa Mpitimbi kwa mjomba, chumbani kwako. Asubuhi hii nimekaa kitandani pako nakuandikia, maana nina hasira na sina mwingine wa kumwambia.

Unaikumbuka wiki ile ya mwisho ya mdogo wangu Anjela akiwa mzima? Ulikuwa unapukuchua mahindi uani, naye, ametoka tu kujua kutembea, anakimbiza kuku, anacheka mpaka kwikwi inamshika. Halafu ghafla homa, macho mekundu, vipele. Vipele vikapona, ukamshukuru Mungu. Kumbe bado. Akaanza kuharisha, akakonda, akabaki mifupa. Tukamzika.

Shangazi akasema palepale msibani, "Surua gani hiyo? Mtoto alikuwa anacheza hapa! Huyu amebemendwa."

Nilikuwa darasa la sita, maana yake niliijua: mama kamsaliti mumewe huku ananyonyesha, ndiyo maana mtoto kaharibika. Wazee walipokuita nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukasema, "Nimekosa." Basi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Kesho yake ukarudishwa kwenu huku, mimi nikabaki kwa Baba, Majengo.

Niliamini, Mama. Nani asingeamini, na umesema mwenyewe? Kila likizo nilikuja nikakuamkia kama mtu baki, na wewe unanipakulia ugali, unanyamaza. Tulipokwisha kukuzika ndipo mjomba akanieleza. Wazee walikuambia ukikiri, Skola atabaki kwa baba yake asome. Ukikataa, mnaondoka wote wawili. Ukalitoa jina lako ili mimi nisome. Na hukuniambia hata siku moja. Hilo nalo ni usaliti, Mama. Nisamehe, lakini ndivyo ninavyouona.

Sasa sikia nilichokutana nacho chuoni Dar. Kwenye somo la virusi, mwalimu alifika kwenye surua. Alisema ndani ya seli za mwili kuna walinzi. Kirusi kikiingia, wanakitambua, wanapeleka habari, na seli za jirani zinajiandaa kupigana. Lakini kirusi cha surua kina protini zake, mbili kati ya hizo zinaitwa V na C. Hiyo V inawashika walinzi na kuzuia habari isifike. C inakisaidia kizaliane bila kuacha alama nyingi za kukifichua. Kwa hiyo kinaenea kimyakimya, siku nyingi, mtoto hana hata homa.

Nikanyoosha mkono. "Kwa hiyo siku anazocheza, kirusi tayari kimo?"

"Tayari," akasema. Akaongeza kwamba surua hata ikipona huiacha kinga ya mwili imedhoofika, magonjwa mengine yakaingia, kuharisha, kifua.

Nilitoka nje nikalia. Kuku wale, Mama. Kile kicheko. Surua ilikuwa imeshaingia.

Jana nikaenda Majengo. Nilimkuta Baba dukani kwake, anapanga spea za baiskeli. Nikamwamkia, nikakataa chai, nikamweleza yote. Nikamwambia, "Mama hakumbemenda Anjela. Hakuna aliyembemenda. Ni surua."

Akaiweka chini spea aliyoishika. Kisha akaanza kulia, mtu mzima yule. "Mwanangu, mimi nilijua ni mimi."

Mwaka ule wa msiba, serikali iliporuhusu wanunuzi binafsi wa korosho, alikuwa akienda kijijini Nalasi kuwanunulia. Kumbe huko alikuwa na mwanamke, na wanasema hata baba akitoka nje ya ndoa mtoto hubemendwa. Alipoinamisha kichwa mbele ya wazee alijua kabisa kwamba wewe huna kosa. Aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe, akaogopa, akakuacha useme wewe.

Na bado hicho sicho kilichonichoma zaidi. Ni uso wake. Ulikunjuka, Mama. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Kwa hiyo sikumuua," akasema, akarudia tena. Habari ile niliibeba kutoka Dar kwa ajili yako, na aliyepona ni yeye!

Nikamwambia aende kwa wazee walewale akaseme. Akafuta macho kwa kiganja. "Mambo yameshapita, Skola. Marehemu tumwache apumzike."

Sikuaga.

Jumamosi ni misa yako ya mwaka. Ukoo wa Baba watakuja, na shangazi pia. Watasema ulikuwa mama mvumilivu. Nakuahidi, kabla chakula hakijapakuliwa nitasimama niseme ulikubali nini na kwa nini, na Nalasi nitaitaja, Baba akiwa amekaa mbele yangu. Huenda wakanifukuza kama walivyokufukuza wewe. Wanifukuze. Safari hii watakuwa wamesikia.

Lala salama, Mama. Msalimie Anjela. Mwambie dada yake anasema mama yao hakukosa.

Mwanao,
Skola