Uso wa Hamisi

Hamisi, mjukuu wangu na mume wangu,

Shikamoo zako za kwenye barua nimechoka kuziitikia. Miaka sita umenitelekeza. Tangu biashara ilegezwe masharti, kila kitu cha Ulaya kinafika Dodoma, hata suruali mlizochoka kuzivaa. Wewe tu ndiye umekosa usafiri.

Niko hospitali, wamenitoa mtoto wa jicho. Nesi anayeniandikia kadi hii ndiye aliyenifungua bendeji leo asubuhi. Nilitaka kuanza na uso wako, nikatoa ile picha uliyotuma. Namkuta mtu kafunikwa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi miguuni, macho tu ndiyo yaliyo nje.

"Bibi, huyu anarina asali?" nesi akauliza.

"Ni mume wangu. Anaogopa vumbi."

Akanisomea barua yako tena. Kumbe kampuni yenu inaunda mashine za kuchora kwa mwanga vidude vya ndani ya kompyuta, mistari myembamba hata jicho haliioni, na chembe moja ya vumbi inaharibu kazi yote. Hongera. Mimi nimekaa miaka miwili sioni kitu na hakuna aliyenipa mshahara.

Nimefurahi una kazi, baba. Macho niliyatambua, ni ya mama yako. Lakini daktari amesema jicho la kushoto ndiyo basi, nimebaki na hili moja, na sikupasuliwa ili nione kitambaa.

Ukija, uje mchana. Kaa kulia kwangu, kichwa wazi, usiondoke mpaka nichoke kukutazama.

Bibi yako wa kijijini Busi