Rafu ya Mashariki na Firigisi ya Mgeni

Rafiki yangu Devji,

Tangu tukuage kwa moto (watu wa huku bado wananiuliza kaburi lako liko wapi, nami bado ninawaeleza kwa subira), mengi yamebadilika. Bendera sasa ni yetu. Duka lako la vitambaa analo mwanao, na nasikitika kukuarifu kwamba hupima vizuri kuliko wewe.

Ile rafu ya vitabu vya watoto uliyotuachia kwenye chumba cha kusomea, vya India, China na Japani, imekua. Mwanao huagiza vipya kutoka Nairobi, nami huwachagulia wasomaji. Kwa wadogo napenda kile cha msichana wa Japani anayefuga viwavi wa hariri. Nafula alikisoma, akawaacha viwavi wayatafune mahindi ya mama yake, akingojea hariri. Mama mtu alinijia na jembe begani: "Mwalimu, hariri yenyewe iko wapi?" Nilimweleza habari za mforsadi, mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri. Haikusaidia.

Kwa wakubwa kidogo, kipenzi changu ni kile cha familia ya Kigujarati inayompokea mgeni aliyelowa mvua kwa wali na dengu. Hapo ndipo matata yalipoanza. Mzee Makokha, mwenyekiti wa kamati yetu ya chumba cha kusomea, alikisoma akakifunga kwa kishindo. "Mtu ametoka mbali, anapewa dengu? Hawa hawana kuku?" Nikaeleza kwamba ni dini yao, hawali nyama. "Basi wao wasile. Mgeni amekosa nini?" Kwenye kikao cha kamati akataka rafu nzima iondolewe, isije ikawafundisha watoto wetu uchoyo.

Niliona rafu yako inakwenda, Devji. Basi nikawasimulia wanakamati siku ulipokuja kwangu mara ya kwanza. Tulikuchinjia jogoo bila kukuuliza, tukakuwekea firigisi juu kabisa, heshima ya mgeni mwanamume. Uliitazama muda mrefu. Kisha ukaisukuma sahani mbele ya mama yangu, aliyekuja kukusalimu tu: "Mama, mkubwa hapa ni wewe." Hukujua kwamba kwetu mwanamke wa rika lake hali kuku, seuze firigisi. Mama akatutazama mmoja mmoja, akaila polepole. Mpaka anakufa alikuwa akiniuliza, "Yule Mhindi wako mwenye adabu anakuja lini?"

Makokha hakucheka. Lakini Mama Nekesa, mwanamke pekee kwenye kamati, alinyoosha mkono. "Mwalimu, hicho kitabu niazime mimi. Nataka kujua hao watu wanaishije."

Kesho yake wakaja wenzake wa kanisani, kila mmoja akaazima chake, hata mama yake Nafula. Mzee alipofika na gunia la kubebea vitabu, alikuta mbao tupu na mimi.

Kwaheri, ndugu yangu. Nakuahidi sitawaharakisha kuvirudisha.

Mwalimu wako